Forsyth, Seymour au Ignatius: ripota wa vita anayetaka kuandika riwaya ya kijasusi amfuate nani?

"Dada, nimechoka kuhesabu maiti. Nataka kuandika riwaya."

Ujumbe huo uliingia kwenye simu yangu saa nane usiku, kutoka kwa kijana ambaye nimezihariri habari zake kwa miaka minne. Alikuwa Goma, mashariki mwa Kongo, mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Akabaki wiki kadhaa akituma sauti na picha, kisha akarudi kwao Kigoma na madaftari saba. Riwaya anayoitaka ni ya kijasusi. Anasema alichokiona kule hakiingii katika taarifa ya dakika mbili: nani alikuwa akimlipa nani, nani alikaa baani akijifanya dalali wa madini huku masikio yake yakiwa kwenye meza ya jirani, nani aliuza jina la jirani yake kwa vocha ya simu.

Nilimwahidi jibu refu, na nimeona niliandike wazi kwa sababu si yeye pekee anayeniuliza. Waliotoka kwenye uwanja wa vita wakaingia kwenye riwaya za kijasusi ni wengi. Nimewachagua watatu kwa sababu kila mmoja alikata njia yake. Frederick Forsyth aliacha kazi kwanza, akaandika akiwa hana kitu. Gerald Seymour aliandika akiwa bado kazini, akaacha baadaye. David Ignatius aliandika riwaya na kazi ya habari hakuiacha. Kuna tofauti nyingine ambayo kwangu ni kubwa zaidi ya hiyo ya mshahara: kile walichotoka nacho. Forsyth alitoka na namna mambo yanavyofanyika, Seymour na watu, Ignatius na siri yenyewe.

Forsyth: namna mambo yanavyofanyika

Forsyth alizaliwa mwaka 1938 huko Ashford, Kent. Alirusha ndege za jeshi la anga la Uingereza wakati wa utumishi wa lazima, akafanya kazi kwenye gazeti la mkoani Norfolk, na mwaka 1961 akaingia shirika la habari la Reuters. Wakampeleka Paris. Wakati huo OAS, kundi la siri la wanajeshi na walowezi waliokasirishwa na uhuru wa Algeria, lilikuwa likimwinda Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa. Tarehe 22 Agosti 1962, pale Petit-Clamart, gari la rais lilimiminiwa risasi, matairi yakapasuka, na mzee akatoka bila mchubuko. Aliyeongoza shambulio hilo, Jean Bastien-Thiry, aliuawa kwa kupigwa risasi Machi 1963 baada ya kuhukumiwa.

Waandishi walimfuata de Gaulle kila atokapo, kwa sababu huenda siku hiyo ndiyo angeuawa. Fikiria kazi hiyo: kutwa unasubiri kifo cha mtu mmoja. Katika kusubiri huko Forsyth akazoeana na walinzi, akajifunza wanavyosimama, wanavyokagua madirisha, wanavyobadilisha njia. Akaona pia kwamba OAS ilikuwa imejaa masikio ya polisi. Anayeweza kumfikia mzee huyu, akawaza, ni mgeni ambaye hayumo katika faili la mtu yeyote.

Wazo hilo alitembea nalo miaka. Katikati yake ikaja Biafra, jimbo la mashariki mwa Nigeria lililojitangazia uhuru. BBC ilimpeleka Nigeria vita vilipoanza mwaka 1967, akatofautiana na wakubwa wake kuhusu namna ya kuvieleza, akaondoka BBC mwaka 1968 na kurudi Biafra kwa nafsi yake. Hapa historia yetu inagusana na yake. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, wakati serikali ya Uingereza ikiipa silaha serikali ya Lagos. Forsyth aliwaona watoto wa kwashakoo, nywele zimegeuka rangi, miguu imevimba, akaandika kitabu cha habari chenye hasira kilichotoka mwaka 1969. Ninakitaja kwa makusudi: kabla ya riwaya, alilipa kwanza deni la kusema kweli kama ilivyo.

Biafra ilisalimu amri Januari 1970. Forsyth alikuwa amerudi London hana kazi wala nyumba, analala kwenye kochi la rafiki. Mwezi huohuo akakaa kwenye mashine ya taipu na kwa siku 35 akaandika *The Day of the Jackal*. Wachapishaji kadhaa waliurudisha muswada. Hoja yao inaeleweka: nani atasoma kisa cha kumuua de Gaulle wakati dunia nzima inajua hakuuawa na mtu? Kitabu kilitoka mwaka 1971, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Edgar ya riwaya za uhalifu, na mwaka 1973 kikawa filamu.

Kijana wangu, usiangalie hizo siku 35. Angalia jinsi msomaji anavyojua mwisho tangu ukurasa wa kwanza na bado anashindwa kukiweka kitabu chini. Kinachomshika ni namna. Muuaji anatafuta kaburi la mtoto aliyefariki mdogo, anachukua cheti cha kuzaliwa kwa jina la yule mtoto, kwa cheti hicho anaomba pasipoti halali kabisa. Njia hiyo ilikuwepo kweli Uingereza, na haikuzibwa haraka hata baada ya kitabu kutoka. Hiyo ni kazi ya ripota: kwenda dirishani, kuuliza fomu inajazwaje, kuona mahali ambapo hakuna anayekagua.

Aliendelea kufanya hivyo hadi uzeeni. Mwaka 2009, akiwa na miaka sabini, alikwenda Guinea-Bissau kutafiti riwaya ya biashara ya kokeini, na akawa mjini Bissau usiku ule Rais João Bernardo Vieira alipouawa. Mtu ameuza vitabu kwa mamilioni na bado hakubali kuandika barabara ambayo hajaikanyaga. Kwa hilo ninamheshimu sana.

Kuna sehemu ambayo simfuati. Katika kumbukumbu zake za mwaka 2015 Forsyth, ambaye alifariki Juni 2025, alikiri kwamba aliisaidia idara ya ujasusi ya Uingereza, MI6, kwa zaidi ya miaka ishirini, kuanzia hukohuko Biafra. Alisema hakulipwa. Aliwahi hata kwenda Ujerumani Mashariki kuwachukulia nyaraka. Wasomaji wengi walifurahia kisa hicho. Mimi kilinikaa vibaya, kwa sababu nimehariri habari za vijana wanaosimamishwa kwenye vizuizi na kuulizwa swali moja tu: wewe ni mwandishi au shushushu? Kila ripota anayeifanyia kazi idara anamwongezea uzito wa swali hilo mwenzake atakayepita kizuizini kesho.

Na wanaolibeba swali hilo mara nyingi ni wenyeji, wapiga picha na wabeba vifaa ambao majina yao hayawekwi kwenye majalada. Tarehe 12 Julai 1993, mjini Mogadishu, baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba waliyokutana wazee wa ukoo wa Aidid, mbabe wa kivita wa Somalia, waandishi walikwenda kupiga picha za waliouawa. Umati uliojaa hasira ukawageukia. Walikufa wanne: Hos Maina, Anthony Macharia na Dan Eldon wa Reuters, na Hansi Krauss wa AP. Maina na Macharia walikuwa Wakenya, watu wa Nairobi. Katika saa kama hiyo hakuna mtu anayesoma kitambulisho chako. Ndiyo maana ninasema: ukitaka kuandika kuhusu majasusi, usiwe mmoja wao hata kwa hisani ya siku moja.

Seymour: watu

Gerald Seymour hana kisa cha kusisimua kama cha Forsyth, na labda ndiyo sababu ninampenda. Aliingia ITN, kituo cha habari za televisheni cha Uingereza, mwaka 1963, akakaa miaka kumi na mitano. Vietnam alikuwepo. Ireland Kaskazini alikuwepo. Septemba 1972 alikuwepo Munich, wanamichezo na makocha kumi na mmoja wa Israeli walipokufa baada ya kutekwa kwenye kijiji cha Olimpiki. Riwaya yake ya kwanza, *Harry's Game*, ilitoka mwaka 1975 naye bado ni ripota. Kazi hakuiacha hadi mwaka 1978.

Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Waziri wa Uingereza anapigwa risasi London mbele ya familia yake. Serikali inamtuma askari mmoja, Harry, aingie Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini, kwa jina la bandia amtafute muuaji. Mwandishi wa kawaida angeishia hapo: mwindaji na mwindwa. Seymour anatupeleka jikoni kwa muuaji. Tunamwona na mke wake, watoto wake, hofu yake gari linapopunguza mwendo nje. Tunamwona na mwenye nyumba ya wageni, na msichana anayesikia neno moja la ziada, na jirani anayefungua pazia kidogo. Ukimaliza unaijua Belfast kama mtaa wa watu, wakati taarifa za habari za siku zile ziliihesabu kwa milipuko.

Kwa nini aliweza? Kwa sababu ripota wa televisheni aliyekaa mtaani siku nyingi anamwona mtu baada ya kamera kuzimwa. Mama aliyelia mbele ya kipaza sauti anakwenda kuchemsha chai, na katika kuichemsha ndipo anasema lile lililokuwa moyoni. Habari haina nafasi ya chai hiyo. Riwaya inayo.

Njia ya Seymour ina gharama yake, nayo ni usingizi. Unatoka kazini usiku, unaandika kurasa mbili, unalala, unaamshwa na simu ya chumba cha habari. Ndoa zinaumia. Muswada unakaa miaka. Lakini mshahara unaingia, na muhimu zaidi, madaftari yanaendelea kujaa wakati unaandika.

Ignatius: siri yenyewe

Kwa Ignatius inabidi nitulie, kwa sababu kisa chake ndicho kilicho karibu zaidi na kilichomleta kijana wangu kwenye simu saa nane usiku.

David Ignatius alikuwa mwandishi wa Wall Street Journal katika Mashariki ya Kati mwanzoni mwa miaka ya 1980. Februari 1983 gazeti lake lilichapa habari aliyoifukua yeye: kwamba kwa miaka mingi CIA, idara ya ujasusi ya Marekani, ilikuwa na mawasiliano ya siri na chama cha ukombozi cha Wapalestina, PLO, wakati ambapo Marekani ilisema hadharani kwamba haizungumzi nacho. Kiungo upande wa Wapalestina alikuwa Ali Hassan Salameh, mkuu wa usalama wa Yasser Arafat, aliyeuawa na Waisraeli kwa bomu la kwenye gari mjini Beirut Januari 1979. Upande wa Marekani alikuwa ofisa wa CIA, Robert Ames.

Tarehe 18 Aprili 1983 Ignatius alikuwa na miadi ndani ya ubalozi wa Marekani mjini Beirut. Alimaliza, akaondoka. Muda mfupi baadaye gari lililojaa baruti likaingia mlangoni pa ubalozi. Watu 63 walikufa, Ames akiwa mmoja wao. Siku hiyo Ames alikuwa amepita tu Beirut kikazi.

Baada ya kifo hicho, watu waliomfahamu Ames walimsimulia Ignatius mambo ambayo asingeweza kuyachapa kama habari. Ungewataja kwa majina, wangekufa au wangefungwa. Usingewataja, mhariri yeyote mwenye akili angekurudishia. Mwaka 1987 yakatoka kama riwaya, *Agents of Innocence*, Ames akiwa Tom Rogers na Salameh akiwa Jamal Ramlawi. Riwaya haikuwa likizo ya kuikimbia kazi ya habari. Palikuwa mahali pekee palipobaki pa kuiweka habari ile.

Ignatius akaendelea hivyohivyo: safu yake katika Washington Post upande mmoja, riwaya upande wa pili. *Body of Lies* ya mwaka 2007 ikawa filamu mwaka uliofuata. Frank Gardner wa BBC naye yuko kwenye njia hii. Juni 2004 alipigwa risasi mjini Riyadh, mpiga picha wake Simon Cumbers akafa palepale, na tangu hapo Gardner hutembea kwa kiti cha magurudumu. Alirudi kazini, na mwaka 2016 akatoa riwaya yake ya kwanza bila kuiacha BBC.

Faida ya njia hii haina mfano: simu bado zinapokelewa. Waziri, jenerali, ofisa mstaafu, wote wanakujua. Hatari yake iko palepale penye faida. Anayekupa siri anajua una riwaya mkononi, na anaweza kuanza kujipamba ili aingie kitabuni akiwa shujaa. Na wewe unaweza kuanza kumpenda. Kisha kuna swali ambalo kila asubuhi lazima ulijibu: hili nililolisikia jana, ni la gazeti au ni la riwaya? Ukiliweka kwenye riwaya jambo ambalo wananchi walipaswa kulisoma gazetini, umewaibia. Kwa anayeripoti Goma, ambako kuna watu wanaosubiri kujua ndugu zao walizikwa wapi, swali hilo halina mzaha.

Nikiwaweka pamoja

Kwa fedha, Forsyth ndiye anayewapotosha vijana. Alipata utajiri, lakini aliupata kwa lugha yenye wachapishaji wanaotoa malipo ya awali na studio za filamu zinazonunua haki. Anayeandika Kiswahili hana godoro hilo la kuangukia. Tuliosoma Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa tunajua wasomaji wapo, tena wenye njaa. Vitabu vile vilipita mikononi hadi majalada yakabaki nyuzi. Leo simulizi zinauzwa kwa sehemu kupitia WhatsApp, msomaji anatuma pesa kwa simu na kutumiwa sehemu inayofuata. Hapo mtu anapata pesa ya mboga, na akiwa hodari anapata kodi ya chumba. Kuacha kazi kwa tegemeo hilo siwezi kukushauri.

Kwa usalama, Seymour anashinda. Mtu uliyemwumba kutokana na watu kumi uliowaona hawezi kukamatwa na yeyote. Mtu uliyemchukua mzima kama alivyo, ukambadilisha jina tu, anatambulika na jirani yake katika ukurasa wa tatu. Ignatius aliandika kuhusu watu wawili ambao walikuwa tayari wamekufa, na hilo lisisahaulike na anayetaka kumwiga. Watu wako wa Goma wako hai.

Kwa muda, hakuna aliyewahi. Forsyth alikaa na wazo lake karibu miaka minane kabla ya siku zile 35. Ignatius alikaa miaka minne tangu mlipuko hadi kitabu. Seymour alikuwa na miaka zaidi ya kumi kwenye uripota alipotoa cha kwanza. Wako pia waliokwenda haraka wakafanikiwa. Daniel Silva aliripotia shirika la habari la UPI kutoka Cairo na Ghuba, akatoa riwaya ya kwanza mwaka 1996, na tangu amwumbe jasusi wake Gabriel Allon mwaka 2000 amekuwa akitoa kitabu karibu kila mwaka. Huyo ni wa kusoma ukitaka kujifunza kumfanya mhusika mmoja adumu. Kwa mtu aliyetoka vitani juzi sidhani ndiye wa kuanza naye.

Kwa hiyo, kijana wangu, kama una akiba ya mwaka mzima, huna mtoto, na jambo lililokukaa kichwani ni namna dhahabu inavyotoka shimoni hadi ikapata karatasi safi upande wa pili wa mpaka, mfuate Forsyth, ila bila idara. Hiyo ni riwaya ya utaratibu, na wewe uliihesabu ile mihuri mmoja mmoja. Kama bado unapokelewa simu na watu wakubwa na una mhariri wa kukuuliza maswali magumu, njia ya Ignatius iko wazi, lakini anza kwa kutenganisha: madaftari ya habari rangi moja, ya riwaya rangi nyingine, na cha gazeti kiende gazetini kwanza.

Ninavyokujua, wewe ni wa Seymour. Taarifa zako nzuri zote zilikuwa na mtu anayefanya jambo dogo: yule dereva wa tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyepakia mlango wa nyumba yake kwa sababu ndio kitu pekee alichoweza kuokoa, yule askari aliyekuomba umsomee ujumbe wa mke wake. Rudi kazini, omba upangiwe dawati la ndani kwa miezi sita, andika kurasa mbili kwa siku alfajiri kabla mji haujaamka. Usinitumie chochote mpaka zifike mia moja.

Anza na daftari la kwanza na la pili. La tano, lile la Sake, mji ulio jirani na Goma, lenye jina la mama aliyekuficha siku tatu na kukuambia nani alikuwa akija kwake usiku, lifunge kwa uzi uliweke kwa mama yako Kigoma. Siku ukisikia amehama na wanawe wote wamevuka, nipigie simu, tutalifungua pamoja.